Sipiyu Ndani ya Kanga

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nilizaliwa nacho na nitazikwa nacho. Kikombe alichonywea mwingine sikigusi, hata kikisuguliwa kwa majivu. Kwenye shughuli nikiona mkono umeingia kwenye sinia kabla haujaoshwa, nashukuru, nasema nimeshiba, narudi nyumbani na njaa yangu. Dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alinicheka kwa hilo tangu utotoni. Alikuwa akisema, "Mwenye kinyaa hafi kwa sumu, hufa kwa njaa," kisha ananipakulia kwenye sahani yangu ya peke yangu, iliyowekwa juu ya kabati mbali na sahani nyingine.

Nakitaja kinyaa mapema kwa sababu ndicho kilichoniponza. Nikisimulia habari za ile kompyuta, watu hungoja nimlaumu fundi wa hapa mjini, au muuzaji wa Kariakoo. Nitawalaumu wote wawili, wala sitawahurumia. Lakini kila nikifika mwisho wa lawama najikuta nimebaki mimi mwenyewe, na nilivyo machoni pangu siku hizi, ningekuwa kikombe nisingekigusa.

Dada yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Asiyejua maana yake atadhani ni mwanamke anayependa kupika. Wapi! Mpishi wa shughuli ni yule anayeitwa pale watu mia tano wanapongojea pilau, mvua inanyesha, kuni mbichi, na mwenye shughuli ameleta nusu ya mchele aliouahidi. Kuanzia hapa Bagamoyo mpaka Miono, kwenye harusi, hitima na maulidi, dada alisimama mbele ya masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia.

Magoti yalipomgomea akaacha kazi, tukaanza kuandika kitabu. Wazo lilikuwa lake. Alisema wasichana wa sasa wanapika pilau kwa kutazama simu, na simu haijui kuni mbichi. Mimi nilikuwa karani, nimechapa barua za ofisi maisha yangu yote, na sebuleni petu hapa Dunda palikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, niliyouziwa ofisini walipoleta mpya. Basi kila baada ya alasiri yeye alikaa mkekani akasema, mimi nikachapa. Tulifanya hivyo miaka mitano, na tuligombana miaka yote mitano.

Tuligombania maneno. Yeye alisema, "Mchele ukianza kunong'ona, punguza moto, uusikilize." Mimi nikachapa: maji yakipungua, punguza moto. Kila tukimaliza ukurasa alitaka nimsomee, na nilipofika hapo akanyanyua mkono. Nani kasema maji? Yeye kasema mchele. Nikamweleza kwamba mchele haunong'oni, msomaji hataelewa. Akaniambia msomaji asiyejua mchele unavyonong'ona hajawahi kupika, na ndiye huyo kitabu kinamtafuta, futa. Nikafuta. Alinifutisha mara nyingi mno, na kila mara nilinuna.

Wala hayakuwa mapishi matupu. Mlikuwa na ile harusi ya Miono, mjomba wa bwana harusi alipoficha paja la mbuzi ndani ya koti, dua inasomwa, mafuta yanamchuruzika mpaka viatuni. Mlikuwa na namna ya kumtambua mwenye shughuli bahili kwa kutazama vitunguu alivyonunua, na namna ya kumzuia shemeji asiyejulikana asifunue sufuria. Kurasa mia mbili na zaidi. Zote ndani ya ile kompyuta.

Nakala nyingine sikuwa nayo. Ilikuwepo kwenye flashi, binti wa jirani akaiazima aweke nyimbo za harusi, ikarudi ina nyimbo za harusi tu. Nikasema nitaweka nakala nyingine. Nilisema hivyo kwa miaka miwili.

Kisha yakaja macho. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitaondoka kidogo kidogo. Hakuahidi zaidi ya miezi. Dada hakulia. Tulipokuwa tunarudi aliniambia jambo moja tu, kwamba anataka akisome kitabu chake mwenyewe, kwa macho yake, mara moja, mwanzo mpaka mwisho, kabla giza halijaingia. Kusomewa na mimi alikuwa amechoka. Alisema nasoma kama hakimu anayesoma hukumu.

Wakati huo alikuwa bado anaona herufi zikiwa kubwa kama kiganja, nyeupe juu ya nyeusi. Kuzichapa kwa ukubwa huo kungetaka karatasi za kuezekea nyumba. Lakini ukutani tulikuwa na televisheni pana aliyoletewa na mwanawe, na nilijua kuwa kompyuta inaweza kuunganishwa na televisheni. Yangu ndiyo haikuweza. Haikuwa na hata tundu la kuchomekea waya wa televisheni, na ukiiambia ikuze herufi ilikoroma ikaganda. Ilitaka viungo vipya. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, na ilikuwa na muda wake: kabla macho ya dada hayajakwisha.

Nilianza kwa kuifungua. Lahaula. Sikuwa nimeifungua hata siku moja, na nilivaa mfuko wa mkate mkononi kama glavu. Ndani mlikuwa na vumbi lililoshikana na mafuta ya vitumbua vya dada miaka na miaka, likawa uji mweusi. Mlikuwa na mayai ya mjusi, manne, moja limepasuka. Mende wakavu walijipanga kwenye feni, na mmoja hakuwa mkavu. Skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi mpaka vichwa vimepukutika. Nilitoka uani nikatapika. Dada aliuliza kuna nini, nikamwambia. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema jikoni kwake hajawahi kumpikia mtu mende, kumbe mimi nimewafuga sebuleni.

Nikamwita fundi wa hapa mjini. Alichungulia bila kushtuka, kana kwamba kompyuta zote za pwani huliwa namna hiyo, na huenda ni kweli. Akasema niongeze ramu, yaani ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, niweke na kadi ya picha yenye tundu la waya wa televisheni. Kisha akapiga boksi kofi, akasema, "Lakini sipiyu yenyewe imezeeka, mzee. Ungebadilisha sipiyu."

Ramu alikuwa nayo mfukoni, imechanganyika na funguo na karanga. Akaitia mahali pake, ikakataa. Akatema mate kwenye kidole, akasugua yale meno ya shaba, akaitia tena. Nilihisi mate yale mwilini mwangu. Ikakataa tena. Akaniambia niisukume kwa nguvu, itaingia tu, hizi huwa zinaleta ubishi. Nilimshukuru, nikamlipa nauli yake, nikamfungia mlango, na kiti alichokalia nikakipangusa kwa dettoli.

Baada ya hapo niliamua kujifunza mwenyewe. Nilikaa na simu nikitazama video za watu wanaofungua kompyuta kwenye vyumba visivyo na mende, nikaandika kwenye daftari. Nikajua kumbe ramu zina vizazi, na kila kizazi pengo lake lipo mahali pake, ndiyo maana ile ya mate haikuingia. Nikajua kadi za picha ziko fupi na ndefu, na boksi langu jembamba linataka fupi. Nikajua kuwa pawa saplai, ile sehemu inayogawa umeme ndani, ikiwa dhaifu itazima kila kitu katikati ya sentensi. Na nikajua kubwa kuliko yote: sipiyu si boksi.

Huku kwetu, na nadhani nchi nzima, boksi lote linaitwa sipiyu. Kuna kioo, kuna kibodi, kuna sipiyu, ile inayokaa chini ya meza. Ndivyo wanavyosema mafundi, wauzaji, walimu, hata ofisini kwetu ilikuwa imeandikwa hivyo kwenye orodha ya mali. Kumbe si kweli. Sipiyu hasa ni kile kijidude ndani, bapa, kidogo kuliko biskuti, ndiyo prosesa yenyewe. Hili lilinipa furaha ambayo sasa naionea aibu. Nilianza kuwasahihisha watu. Nilimsahihisha mama wa steshenari mbele ya wateja wake. Yeye alinitazama tu, akaniambia kwamba wao wanaita sipiyu boksi zima, na mashine zao zinawaka.

Nilipaswa kumsikiliza. Badala yake nilirudi kwenye daftari. Nikapanga, nikapangua. Leo nimechagua kadi hii, kesho nimeona mtu kwenye video anaisema vibaya, naiacha. Wiki tatu zilipita hivyo, na sitasema uongo, zilikuwa tamu. Dada alikuwa akiuliza kila asubuhi kama nimechagua. Siku moja aliniambia, "Unachagua kama mtu anayechagua mchumba, mdogo wangu. Mimi macho hayasubiri posa." Wiki hiyo alikuwa ameanza kunawa uso kwa kupapasa beseni.

Hilo likanitoa kwenye daftari. Nikaamua kwenda na mashine yenyewe Kariakoo, ipachikwe viungo hapohapo, niione inawaka ndipo nilipe. Dada akanipa kanga yake kuukuu ya jikoni niifungie, ile ya bluu ambayo jina lake limeshafutika kwa kufuliwa. Nikaifunga mafundo mawili juu, nikaenda nayo Dar.

Duka nililoelekezwa lilikuwa ghorofani, kwenye ujia mwembamba wenye maji ya kiyoyozi yanayodondoka vichwani. Kijana wa watu alinipokea kwa adabu. Shikamoo mzee, marahaba, karibu mzee wangu. Alikuwa anakula chipsi mayai juu ya kaunta, na kando ya sahani palikuwa na ramu, skrubu, na kikopo cha ile dawa ya kijivu inayopakwa kwenye prosesa. Kidole kilekile kilikwenda kwenye dawa, kikaenda kwenye chipsi. Nilikaza macho kwenye dari.

Nikamtolea daftari. Kila nilichotaja alikuwa nacho, na kila alichokuwa nacho kilikuwa orijino. Alinipa kadi ya picha orijino, yenye lebo inayong'aa. Niliikwangua kwa ukucha, chini yake kulikuwa na lebo nyingine yenye namba ndogo kuliko ya juu. Nikamwonesha. Akasema hata hiyo ya chini ni orijino. Ramu orijino aliyoniletea ilikuwa na alama ya kidole cha mtu, ya mafuta, katikati kabisa. Ungesema nchi nzima inauziana vitu vilivyokwisha kushikwashikwa, kila mmoja ameviongezea jasho lake na kuvibandika lebo mpya, na sisi tunashukuru.

Hapo ndipo akaifungua mashine yangu. Mende mmoja mkubwa, ambaye alikuwa amenusurika katika usafi wangu wote, akatoka mbio juu ya kaunta. Kijana akamkandamiza kwa kidole gumba. Akamfuta pembeni. Kisha, Mungu ni shahidi yangu, kidole gumba kile kikarudi kwenye chipsi.

Mdomo ulinijaa maji. Nilitaka kutoka mle ndani, basi. Naye ndipo akaanza kuzungumza. Alisema viungo ninavyotaka ni vingi, mashine yenyewe imeoza, nikifanya hesabu nitaona afadhali nibadilishe sipiyu. Nilete yangu, niongeze kidogo juu, anipe nyingine yenye nguvu inayokubali televisheni.

Nikakumbuka video zangu. Kweli, prosesa mpya ingesaidia. Nikajisikia mtu anayejua.

"Sawa," nikamwambia. "Badilisha sipiyu. Lakini ya ndani yote yaache kama yalivyo."

"Hakuna shida, mzee wangu. Inakwenda kama ilivyo."

Nilimwambia naenda kusali adhuhuri. Alisema nirudi baada ya nusu saa. Nilitakiwa kukaa pale. Safari yote nilikuwa nimeifanya ili nikae pale nitazame, na kwenye daftari nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: usiondoke. Lakini kile kidole kilinishinda. Nilinawa msikitini mikono mpaka viwiko mara nyingi kuliko sheria inavyotaka, nikasali, nikakaa kivulini nikavuta pumzi.

Niliporudi nilikuta kanga ya dada ipo kaunta, imefungwa mafundo mawili juu. Niliitambua kanga, na hilo likanitosha. Fundo lilikuwa na alama ya tomato, nikalishika kwa vidole viwili, nikalipa alichosema niongeze, nikaondoka bila kufungua. Kuiona ikiwaka sikutaka tena. Nilitaka maji na sabuni.

Nilifika nyumbani jioni bado kweupe. Dada alikuwa amekaa mbele ya televisheni, ameoga, amevaa gauni alilovaa Idi, na macho ameyatia wanja. Nakumbuka wanja ule kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Nikaifungua kanga. Mle ndani mlikuwa na boksi jeusi, jembamba kama langu, lakini safi, halina kutu, na ubavuni limebandikwa karatasi yenye maandishi ya nchi nisiyoijua. Nikajiambia wameisugua. Moyo ulishajua, mikono ikaendelea kuchomeka waya.

Ikawaka mara moja. Dada akasema, "Mbona haina kelele?" Televisheni nzima ikajaa picha ya milima ya ugenini, na pembeni alama mbili tatu. Kitabu hakikuwepo. Nilitafuta chini, juu, kila mahali ambapo kitu huweza kukaa. Mle ndani mlikuwa mtupu kama nyumba iliyohamwa. Nikamwambia dada inabidi nipange mambo kwanza, mashine mpya ina ugeni wake. Akasema sawa, hana neno, atangoja. Akanyanyuka akaenda kupapasa mlango wa chumbani.

Nikatoka uani nikampigia yule kijana. Nilimuuliza mashine yangu iko wapi. Akashangaa kweli, na mshangao wake ndio ulionimaliza. Si tulibadilishana sipiyu, mzee? Si mwenyewe nilikubali? Nikaanza kumfundisha kwenye simu kwamba sipiyu ni kile kidude kidogo ndani. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba kile wanakiita prosesa.

Nikamwomba anitunzie boksi langu, naja kesho alfajiri. Akajibu, "Yako tumeshaisafisha, mzee."

Nami nikamshukuru. Nilimwambia asante sana, maana ilikuwa na mende wengi. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anavyomweleza babu yake, kwamba kusafisha ni kufuta diski, kila kitu, ili anayenunua aikute mpya. Na imeshanunuliwa. Iliondoka mchana uleule na mzigo wa mikoani, pamoja na nyingine nyingi zinazofanana nayo.

Nilikwenda hata hivyo. Nilitaka nimkute tapeli, nimtukane, nipate nafuu. Nikamkuta anakula mihogo. Alinipa kiti, akaninunulia soda, akampigia mteja wake wa mikoani mbele yangu, na mteja akasema yeye amepokea maboksi arobaini, hajui langu lipi. Kijana alikuwa na huruma hata nikaichukia huruma yake. Kosa la lebo juu ya lebo lilikuwa lake, na sijamsamehe. Hili halikuwa lake. Nchi nzima ingenielewa kama alivyonielewa yeye. Niliyekuwa nazungumza lugha isiyo ya mtu ni mimi peke yangu.

Mtu mwenye haya, siku ile angerudi nyumbani akasema ukweli. Mimi nilirudi nikaketi mbele ya kibodi.

Nilijiambia kwamba nilikisikia kitabu kile miaka mitano, nilikichapa kwa vidole hivi, kitakuwemo kichwani. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Dada akiuliza, namwambia mashine inajifunza herufi zake kubwa, subiri kidogo. Akawa anatoka mwenyewe, hataki kunisumbua. Nilichapa asubuhi kumi. Na nitaungama jambo ambalo linanitia kichefuchefu kuliko kidole gumba cha Kariakoo: yalinijia kwa urahisi. Sentensi zilinyooka. Paja la mbuzi nililiandika vizuri kuliko alivyolisema. Hapakuwa na mtu wa kunyanyua mkono aniambie futa, na kuna wakati, nikiwa katikati ya ukurasa, nilijikuta natabasamu.

Siku ya kumi na moja nikamwita.

Akaja na gauni lile la Idi. Wanja alikuwa amejitia mwenyewe, umepita nje ya jicho. Nikamwekea kiti karibu kabisa, pua yake ikawa shubiri moja kutoka kwenye televisheni. Herufi zilikuwa kubwa kama kiganja, nyeupe juu ya nyeusi, mstari mmoja maneno manne. Kazi ya viungo ilikuwa imekamilika. Picha ilitulia, haikukoroma, haikuganda. Nilisimama nyuma yake na kipanya mkononi, nikisogeza anaposema sogeza.

Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, akifuata kwa kidole kwenye kioo. Jicho moja alilifumba ili lingine lipate nguvu. Ukurasa wa kwanza ulimchukua muda wa kupika chai. Alipofika chini, jasho lilikuwa linamtoka puani. Akasema sogeza. Nikasogeza. Akasoma, "Maji... yakipungua... punguza... moto."

Akarudi juu na kidole, akausoma tena mstari huo, kimya, midomo ikicheza. Kisha akasoma miwili mingine. Akaegemea kiti, akafumba macho yote mawili.

"Maandishi mazuri," akasema. "Ya nani haya?"

Nikasema, "Yako, dada."

Hakubisha. Alikaa vile, na mikono yake, ile mikono iliyogeuza pilau la nusu ya wilaya, ikawa juu ya mapaja, imefunguka. Nami nikaona kwamba hata hapo, ameshajua, bado ananipa nafasi ya kusema. Nikamwambia yote. Kanga, kidole, sipiyu, yule kijana, mikoani. Nilimwambia na lile la kutabasamu, sijui kwa nini. Aliuliza kitu kimoja tu, ni siku ngapi. Nikamjibu, kumi.

Akageuza uso mahali sauti yangu ilipokuwa.

"Siku kumi hizo nilikuwa bado naona afadhali kuliko leo. Ungeniambia, ningekaa hapa nikasema, ukaandika, nikausoma hata ukurasa mmoja wa kwangu." Akapangusa jicho, wanja ukaenea shavuni. "Macho yenyewe yamebaki haya, mdogo wangu. Na wewe umeyapa kusoma maneno yako."

Akaniomba nizime televisheni, mwanga unamuuma.